Dan Fani ya Ouagadougou: nimeikata, nimeifua, nimeipima hadi kwenye mizani

Nianze na bei ya Dan Fani, kitambaa cha pamba kinachofumwa kwa mkono Burkina Faso, maana ndiyo wengi mnayoniuliza. Faranga za CFA 7,500 kwa pagne moja ya rangi mbili. 10,000 kwa ile ya mistari minene yenye uzi uliosokotwa kwa mkono. Nilinunua saba. Pagne ndicho kipimo chao: kipande kimoja kama upande wa kanga uliorefushwa, mita 1.80 hivi kwa 1.20, ingawa hilo la vipimo nitalirudia mbele na hasira zangu. Kitambaa chenyewe kinaitwa Faso Dan Fani. Kwa Kidyula, lugha mojawapo ya kule, faso ni nchi ya wazee wako, dan ni kufuma, fani ni nguo ya kujifunga. Mjini Ouagadougou hakuna mwenye muda wa maneno matatu. Wanasema Dan Fani, yakaisha.

Mimi ni fundi cherehani. Riziki yangu ni kaunda suti na mashati ya wanaume wenye vitambi. Nilikwenda Burkina Faso kwa ajili ya SIAO, yale maonyesho makubwa ya kazi za mikono ambayo Ouagadougou inayafanya tangu 1988, nikiwa nimekusudia siku kumi na mbili. Nikakaa miezi minne na ushei. Fundi mwenzangu wa kule alinipa kona ya kibanda chake na cherehani ya kukanyaga, tukagawana kazi na wali wa karanga, na kwa muda huo nimekata Dan Fani mpaka kidole gumba kikaota sugu upande ambao kwa miaka ishirini ya kazi haukuwahi kuota kitu. Kwa hiyo haya si maneno ya mtalii aliyenunua skafu uwanja wa ndege.

Mkasi ndio utakaokueleza mapema. Kitenge cha kiwandani kinakatika kwa sauti moja ndefu, mkasi unateleza wenyewe. Dan Fani unaitafuna. Kimefumwa kwa mkono, nyuzi hazikubanwa kwa nguvu za mashine, na ukishakata tu ukingo unaanza kufumuka huku unautazama. Siku ya kwanza nilikata shati la mteja nikiacha sentimita moja ya mshono, kama nilivyozoea, halafu nikaitwa kunywa chai. Chai ya kule haina haraka: inachemshwa mara tatu, na kila raundi ina mazungumzo yake. Niliporudi, kwapa la kushoto lilikuwa limeota ndevu. Shati lile ilibidi liwe la mtoto.

Tangu hapo naacha sentimita mbili na nusu kila upande, na ovaloki inapita kabla hata sijachomeka pini. Sindano namba 16. Namba 14 inavunjika kwenye makutano ya kola. Gamu ngumu usiweke. Kitambaa chenyewe kina uti wa mgongo, ukikiongezea gamu mteja atatembea kama amevaa boksi. Weka bitana nyepesi ya pamba mabegani tu, basi.

Sasa kufua, maana hapo ndipo sifa nyingi za vitambaa hufia. Kabla ya kukata nililoweka pagne mbili usiku kucha, moja ya bluu na nyeupe, nyingine nyeusi na njano. Ya bluu ilichuja kidogo, maji yakawa kama ya kusuuzia kalamu. Ile nyeusi, jamani! Beseni liligeuka wino, na ile njano yake ikatoka na madoa kama ya moshi. Mama niliyenunua kwake alikuwa amenionya niloweke nyeusi peke yake, maji baridi na ngumi moja ya chumvi, nikaona ananifundisha kazi. Alikuwa ananifundisha kazi kweli. Kuhusu kunywea: pagne ya mita 1.80 ilirudi ikawa 1.71 baada ya fuo la kwanza, 1.70 baada ya la pili, na haijasogea tena. Shati langu mwenyewe limefuliwa mara kumi na moja sasa. Kola haijalegea, mistari haijapinda, na kitambaa kimekuwa laini kwa namna ambayo kitenge hakijui. Kitenge huchakaa. Hiki kinazoeana na mwili.

Joto? Nilikivaa kuanzia mwisho wa mvua hadi Machi, pamoja na zile asubuhi za Desemba na Januari ambapo upepo wa harmatani unashuka kutoka jangwani na vumbi lake, watu wanavaa makoti juu ya pikipiki. Asubuhi kinakutunza kama blanketi, mchana kinapumua. Wenye jasho jingi, ndugu zangu, nguo yenu imepatikana.

Yule mama ana ua nyuma ya nyumba, upande wa mashariki wa mji, vitanda vya mfumi, yaani vya kufumia, sita vya chuma chini ya kibanda cha mabati, na wanawake sita wanaofuma huku redio ikiwapigia kelele. Duka ni chumba cha mbele tu. Kitanda cha mwanamke ni kipana, kinatoa kitambaa cha upana wa kutosha kukata mgongo wa shati bila kuunga. Pembeni kabisa, chini ya mwarobaini, alikuwapo mzee mmoja na kitanda chake cha zamani: miti minne iliyokomelewa ardhini, na mtande mrefu, zile nyuzi za urefu wa nguo, ulionyooshwa uani hatua kumi na tano kwenda kuishia kwenye jiwe lililowekwa juu ya kipande cha ubao. Kila akifuma kiganja kimoja, anavuta, na jiwe linamfuata likikwaruza mchanga kama mbuzi mkaidi. Utepe anaoutoa hauzidi upana wa kiganja. Tepe hizo zinaungwa ubavu kwa ubavu mpaka zinakuwa nguo. Kwa Wamossi, kabila kubwa la huko, ufumaji ulikuwa kazi ya wanaume namna hiyo, wanawake wakisokota uzi. Leo ukipita mitaa ya Ouaga waliokaa kwenye vitanda wengi wao ni wanawake, na mzee anawacheka kwamba wamenunua upana wakauza mshono. Nilimnunulia utepe wa mita nane. Nimeuweka kama ukanda wa mbele ya mashati matatu, na ndiyo mashati yanayoulizwa zaidi.

Kilichonifurahisha zaidi pale dukani ni kwamba unaruhusiwa kuchomoa uzi. Sehemu nyingine nilizopita, ukigusa tu ukingo unatazamwa kama mwizi. Mama akanipa mwenyewe, nyuzi mbili kwenye kiganja: mmoja wa mshindio, yaani wa kupitisha upana, mnene, uliosokotwa kwa mkono na bibi mmoja wa kijijini, una vinundu vinundu, mwingine laini, wa kiwanda cha Filsah kule Bobo-Dioulasso. Nikaufungua ule wa kiwandani kwa ukucha, nikauzungusha kinyume mpaka ukaachia, nikavuta unywele mmoja wa pamba na kuulaza juu ya tepu. Milimita ishirini na nane, labda ishirini na tisa. Hapo nikatabasamu, na mama akanitazama kama amekutana na mwenzake.

Huo urefu ndio pamba ya Burkina Faso inaojivunia, na ndio ulioleta ugomvi. Kaka yake yule mama analima kusini-magharibi, upande wa Houndé, na alikuja mjini Januari akiwa na pikipiki mpya na hasira za zamani. Mwaka 2008 walianza kuuziwa mbegu zilizobadilishwa vinasaba, teknolojia ya Monsanto iliyopandikizwa kwenye aina zao wenyewe za pamba. Viwavi wakapungua. Badala ya kubeba bomba la dawa mgongoni mara sita kwa msimu, akawa anabeba mara mbili, na huo ndio ulikuwa mwisho wa kuumwa kichwa kila Agosti. Yeye alifurahi. Walionuna ni makampuni ya kuchambua pamba, maana marobota yalipofika sokoni nyuzi zilionekana zimepungua urefu, na pamba fupi hupunguziwa bei. Kufikia msimu wa 2016 mbegu zile zilikuwa zimeondolewa zote, wakarudishiwa za kawaida na bomba la dawa mgongoni. Nilimwuliza kama angepewa tena angepanda. Akasema angepanda kesho. Dada yake, ambaye anaishi kwa uzi, alikohoa akainuka kwenda kuangalia sufuria. Nyumba moja, pamba moja, na hawawezi kulizungumza bila mtu kuinuka.

Baada ya mazungumzo hayo nikafanya jambo ambalo wateja wangu wamelicheka. Niliazima mizani ya mwanamke anayeuza karanga jirani, nikaikunja pagne yangu ya 7,500, nikaiweka juu. Gramu 620. Nikachukua kalamu. Pamba ya kule ikichambuliwa, katika kila kilo 100 za pamba yenye mbegu unapata kilo 42 hivi za nyuzi. Iliyobaki karibu yote ni mbegu, inakwenda kukamuliwa mafuta ya kupikia, na mashudu yake wanakula ng'ombe. Kwenye kusokota kuna ubovu unaopotea, tuseme sehemu moja kwa kumi. Kwa hiyo ndani ya nguo yangu kuna pamba ya shambani kama kilo moja na gramu mia sita na kitu. Mkulima katika misimu ya karibuni amekuwa akipewa kama faranga 300 kwa kilo ya daraja la kwanza. Pagne ya 7,500, mwenye jembe amepata kama 500. Na kwenye hizo 500 yamo madeni, kwa sababu mbegu, mbolea na dawa huwa anakopeshwa na kampuni ya pamba kupitia kikundi chake, kisha deni linakatwa pamba ikiuzwa. Mwenzako kwenye kikundi akishindwa, mnabeba wote.

Hesabu hiyo inaweza kusomwa kwa uchungu, na niliisoma hivyo siku mbili nzima. Halafu nikaiona upande wake wa pili. Zile 7,000 zinazobaki zimegawanywa kati ya Bobo na uani kwa mama: msokotaji, mpaka rangi, mfumaji, mama mwenyewe na mwenye lori. Zaidi ya tisa kwa kumi ya pamba ya nchi ile haifiki hata kwenye sindano ya kwetu mafundi. Inafungwa marobota ikapanda treni na malori kushuka bandarini, ikarudi baadaye ikiwa fulana. Mkulima wa pamba ile naye anapata hizohizo 300. Tofauti ni kwamba nyuma yake hakuna wanawake sita chini ya mabati.

Nilikwenda Bobo-Dioulasso mara moja kutafuta uzi, safari ya basi ya kama kilomita 360. Desemba, barabara imejaa malori ya pamba, yamejazwa mpaka yamevimba kama mito ya kulalia, na vichaka vya kando ya njia vimenasa pamba nyeupe kila upande kana kwamba mtu amepita akimwaga pamba za hospitali. Makao makuu ya SOFITEX, kampuni kubwa ya pamba, yako huko. Iliundwa 1979, ikiwa na serikali na Wafaransa wa kampuni ya CFDT ndani yake, na ukanda wote wa magharibi unaipimia saa: ikitangaza bei, watu wanaamua kama watapanda; ikichelewa kulipa, harusi zinaahirishwa. Kati na mashariki waligawiwa makampuni mengine mwaka 2004, Faso Coton na SOCOMA. Mashariki sasa hivi usiniulize. Mfumaji mmoja wa pale uani ametoka huko, mashamba ya kwao yamebaki kwa wenye bunduki, na anapofuma hataki redio iwe kwenye habari.

Vizee vya Bobo vinakumbuka mambo ya mbali zaidi, mengine waliyasikia kwa baba zao. Wafaransa walipoifanya Haute-Volta, jina la zamani la Burkina Faso, koloni la peke yake mwaka 1919, gavana Hesling alitaka pamba, na pamba ikalimwa kwa kiboko: kila kijiji na shamba lake la kamanda, yaani mtawala wa Kifaransa wa eneo, siku za mvua nzuri zikaliwa na shamba hilo badala ya mtama. Vijana wakawa wanavuka kwenda Gold Coast, Ghana ya leo. Koloni lenyewe likavunjwa 1932 na kugawanywa kwa majirani, likarudishwa 1947. Mzee mmoja aliniambia kwamba bibi yake alikuwa na pamba za aina mbili nyumbani, ya kamanda na ya nguo, na ya nguo ilikaa chini ya kitanda. Hadi uhuru wa 1960 nchi nzima ilikuwa inavuna tani elfu chache tu. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa inacheza kwenye tani 700,000 za pamba yenye mbegu na kuongoza Afrika. Katikati hapo kuna majembe ya ng'ombe, mbolea ya mkopo ambayo sehemu yake ilikuwa ikihamia kimyakimya kwenye mahindi, na kushushwa thamani kwa faranga ya CFA Januari 1994, kulikofanya pamba ilipe kuliko chochote. Mwaka 2018 kukawa na mgomo wa baadhi ya wakulima, mavuno yakaporomoka, Benin ikapita mbele. Yule kaka wa Houndé hapendi kuisikia Benin.

Turudi kwenye nguo. Kila mtu atakayekuuzia Dan Fani atakutajia Thomas Sankara, rais wao wa zamani, ndani ya dakika tano, wengine ndani ya mbili. Kwa kweli wana sababu. Alipokuwa madarakani, 1983 hadi alipouawa Oktoba 1987, wafanyakazi wa serikali waliagizwa kuvaa kitambaa hiki, na Julai 1987, pale Addis Ababa mbele ya wakuu wa Afrika, alisimama akawaonyesha kwamba yeye na ujumbe wake wamevaa pamba iliyolimwa, kufumwa na kushonwa Burkina. Hilo ndilo linalosimuliwa. Lisilosimuliwa sana, ila wanawake wa pale uani walilicheka hadi wakaacha kufuma, ni kwamba makarani wengi hawakuipenda. Ilikuwa nzito na ghali kwa mshahara wao. Basi waliweka vazi moja kwenye droo ya ofisi. Ikisikika kwamba bosi mkubwa yuko njiani, wanalivaa juu juu. Nguo ikapata jina: Sankara arrive, yaani Sankara anakuja. Mama yake yule mwenye duka alikuwa karani. Alikuwa nayo ya droo, na haikuwahi kufika nyumbani.

Kiwanda cha Koudougou kilichoitwa Faso Fani, kilichokuwa kikitoa uzi na vitambaa, kilifungwa 2001, mamia ya watu wakarudi nyumbani. Nataja hilo kwa sababu kilipofungwa, chanzo kimoja cha uzi kilipotea, na kwenye uzi ndipo oda yangu ilipokwama. Niliagiza pagne nne za rangi nilizochagua mwenyewe: kijivu, mistari myembamba ya machungwa. Nusu ya pesa mbele, nyingine kwa simu kazi ikiisha. Aliahidi wiki mbili. Zikawa tano. Tatizo halikuwa uvivu, nilikuwa napita kila baada ya siku tatu kujionea: uzi haukuwapo. Inapokaribia 8 Machi, sikukuu ya wanawake, ambayo kule ni siku ya mapumziko na serikali imesukuma nguo yake iwe Dan Fani, kila kitanda cha mfumi mjini kinagombea uzi uleule wa Bobo, na mwenye mtaji mkubwa ndiye anayebeba katoni zote. Mama wa vitanda sita anaambulia mabaki. Kuna uzi wa kutoka nje unaong'aa zaidi, akanipa nichague, nikaukataa, nikasubiri.

Zilipotoka, pagne tatu zilikuwa safi. Ya nne ilikuwa na mstari wa machungwa uliozidi uzi mmoja kuanzia katikati, maana uzi uliwaishia wakaunga bando jingine lenye rangi iliyokolea kidogo. Mteja wa kawaida asingeuona. Mimi niliuona toka mlangoni. Mama hakubisha, aliinama akautafuta, akaupata, akanirudishia faranga 2,000 na kuongeza kipande cha nusu mita. Kipande hicho kimetoa mifuko minane. Kwa huduma ya namna hiyo nachelewa wiki tano bila kununa sana.

Kwingine sikupewa heshima hiyo. Kwenye duka moja la sokoni, jina lake nalimeza, niliuziwa pagne mbili kwa 6,000 kila moja nikiambiwa ni kazi ya mkono. Kwanza zilikuwa mita 1.62, hata kabla ya maji. Pili, nilipozigeuza kibandani, nyuma zilikuwa zimepauka. Hapo nikajua nimeliwa. Dan Fani halisi haina mbele wala nyuma: mistari ni uzi wenyewe uliopakwa rangi kabla ya kufumwa, kwa hiyo pande zote mbili zinalingana. Ile ilikuwa picha ya Dan Fani iliyopigwa chapa kwenye kitambaa cha kiwandani kutoka mbali. Nikachomoa uzi nikauwasha kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inaacha jivu la kupuliza. Ule ulijikunja ukawa shanga nyeusi ngumu, na kibanda kikanuka plastiki. Mwenyeji wangu alicheka, akaniambia nizishonee pazia la choo. Zipo kule, choo kimependeza.

Kwa hiyo ukienda, geuza. Pima mwenyewe kwa tepu yako, na usione haya. Ukitazama ukingo wa urefu utaona pale mfumaji aliporudisha uzi, vitanzi vidogo visivyolingana. Ukikuta ukingo umenyooka kama rula na matundu madogo ya mashine, rudisha rafuni. Ukikuta kinundu cha uzi katikati ya kitambaa, hicho si kasoro, ingawa mimi nakikwepesha kifuani.

Koko Dunda nitaigusia tu kwa kuwa mtaoneshwa duka lilelile. Jina limetoka mtaa wa Koko, Bobo. Ni kitambaa kinachofungwa fundo na kuchovywa rangi, kinapendeza mno kwa magauni na bei yake ni nafuu, ila kitambaa cha chini mara nyingi ni cha kiwandani. Kama unatafuta rangi, chukua. Kama unatafuta pamba ya yule kaka wa Houndé, siyo hiyo.

Cha kulalamikia kuhusu Dan Fani yenyewe: uzito, kwanza. Suruali ya pagne mbili ina kilo yake na mteja mwembamba inamvuta kiunoni, mpe mkanda. Pasi ya umeme ya kawaida haiinyooshi ikishakauka, nyunyizia maji au tumia ya mkaa. Nyeusi, nimesema. Na bei kwa mtu wa mshahara mdogo bado ni ileile ya makarani wa 1985: familia ya watoto wanne huivisha Dan Fani kwa harusi, siyo kwa Jumatatu. Mfumaji mwenyewe niliyemwona akitoa pagne moja kwa siku ya kazi ngumu alikuwa amevaa kitenge.

Kaunda suti ya kwanza niliyoshona kwa kitambaa hiki niliporudi nilimpa mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, kitambi kimekaa vizuri. Aliipima, akajigeuza kwenye kioo, akasema, "Fundi, hii nzito." Nikamwambia aivae wiki moja. Alirudi siku ya tisa, hakukaa hata kwenye benchi, akauliza ya mikono mirefu inachukua pagne ngapi. Tatu, nikamwambia, kwa mwili wako. Akauliza ninazo ngapi. Ninayo moja, ile yenye mstari uliozidi uzi.